Makala inaendaka wapi?

Kwetu Lubumbashi makala ni mkaa. Nawaambia mapema ninyi mnaonisoma kutoka Dar es Salaam au Mombasa, ambako makala ni maandishi kama haya. Mama yangu ameuza makala Katuba tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Magunia yanaingia mjini alfajiri juu ya baiskeli, mwenye baiskeli akiisukuma kwa miguu kwa kuwa mzigo haumwachii nafasi ya kukaa. Mama anayapokea, anayafungua, anayagawa kwa ndoo na kwa vifuko kwa wale wasioweza kununua gunia zima. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na ya chuo kikuu pia. Nilisoma fizikia kwa pesa ya moto wa watu wengine.

Sasa mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Mwaka jana, katikati ya somo la joto, kijana mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono.

"Mwalimu, makala inaendaka wapi?"

Nikamwomba aeleze. Akasema kwao wanajaza mbabula (jiko la makala) jioni, bukari (ugali) inaiva, watu wanaoga maji ya moto, na asubuhi anayetumwa kumwaga majivu ni yeye. "Tunatiaka mingi, lakini majivu ni kiganja kimoja tu. Ile ingine yote inageukaka moto?"

Wenzake walicheka. Mimi nilinyamaza kidogo, kwa sababu nimemwaga majivu ya namna hiyo utoto wangu wote na sikuwahi kuuliza.

Jibu la kwanza ni hapana, haigeuki moto. Makala karibu yote ni kaboni. Ukiyawasha, kaboni inashikana na oksijeni ya hewani: gramu 12 za kaboni zinachukua gramu 32 za oksijeni na kutoka gramu 44 za gesi isiyoonekana. Kwa hiyo kilo moja ya kaboni inapanda angani ikiwa na uzito wa kilo 3 na gramu 670 hivi. Makala yaliyopotea kwenye mbabula yameondoka mazito kuliko yalivyoingia. Mkemia Lavoisier aliyapima mambo ya namna hii huko Paris kabla ya mwaka 1800, na hesabu yake ndiyo tunayoifundisha mpaka leo: vitu vinabadilika sura, jumla ya uzito inabaki.

Darasa liliridhika. Mimi sikuridhika, maana nilijua nimewapa jibu ambalo lina ufa mdogo, na yule kijana alikuwa ameweka kidole chake juu ya ufa huo bila kujua.

Mwaka 1905 Albert Einstein, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, alichapisha karatasi ya kurasa 3 tu. Ndani yake alionyesha kwamba kitu kinachotoa nishati kinapoteza pia tungamo, ile kilo tunayoisoma kwenye mizani. Kiasi kinachopotea ni nishati iliyotoka, ikigawanywa kwa kasi ya mwanga iliyozidishwa kwa yenyewe. Kasi ya mwanga ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiizidisha kwa yenyewe katika mita unapata 9 yenye sifuri 16 nyuma yake. Ni kigawanyo kikubwa mno, ndiyo maana hakuna mchuuzi wa Katuba aliyewahi kuona upungufu huo.

Somo lililofuata tulipiga hesabu pamoja. Kilo moja ya makala hutoa kama jouli milioni 30. Gunia la kilo 50 ni jouli bilioni 1.5. Gawanya, na upungufu wa kweli, ule ambao kwa uhakika umetoka pamoja na moto, ni kama mikrogramu 17 kwa gunia zima. Chukua punje moja ya mchanga yenye upana wa nusu milimita, igawe mara kumi: hicho kipande ndicho kilichoivisha bukari ya familia kwa majuma.

Jioni nilimweleza Mama. Alisikiliza akiwa anafunga vifuko, kisha akaniuliza, "Mama, ile kidogo, ni nani anaikulaka?" (Kwetu mzazi anaweza kumwita binti yake mama.) Swali lake lilikuwa bora kuliko langu. Ule upungufu haukuliwa. Uliingia kwenye sufuria, kwenye maji, kwenye ukuta wa jikoni na mikononi mwetu tuliokuwa tunaota moto. Sufuria lenye maji yanayochemka ni zito kuliko lilivyokuwa baridi, kwa kiasi ambacho mizani yetu haiwezi kukigusa lakini kipo. Simu uliyoichaji ni nzito kuliko ilipokuwa imekufa. Safari ya kwenda, tungamo kuwa nishati, na safari ya kurudi, nishati kuwa tungamo, zote mbili ziko jikoni, kila jioni, ila ni ndogo mno.

Ningeishia hapo, kama si jiwe.

Majuma mawili baadaye kijana yule alikuja na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya daftari. "Mwalimu, nimekuletea." Akafungua juu ya meza yangu. Jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtoto, zito kuliko lilivyoonekana, la manjano kama kiini cha yai, na michirizi ya rangi ya chungwa. Kaka yake alikuwa amerudi nalo kutoka upande wa Likasi na wakaliweka sebuleni kwa uzuri wake. Watu wengi hapa kwetu wana mawe ya rangi sebuleni. Mengi ni malakiti ya kijani, ya shaba, hayana neno. La manjano la namna hii ni jambo jingine.

Nilimwambia polepole ili asiogope: "Papa, liache hapo hapo, usilishike tena." Nililichukua kwa mfuko wa plastiki, nikalipeleka mwisho wa uwanja nyuma ya ukuta, tukanawa mikono kwa sabuni mimi na yeye, na karatasi ile nikaitenga. Halafu nikampigia rafiki yangu wa jiolojia mwenye kipimo cha mnururisho. Alifika baada ya saa sita. Aliwasha kipimo langoni, kikatoa mlio mmoja mmoja, kama matone ya mwisho ya mvua juu ya bati. Alipolikaribia jiwe, mvua ikarudi yote.

Wanafunzi walisimama mbali, nilipowapanga, na wakasikia. Nadhani hakuna somo nililowahi kufundisha lililowanyamazisha kama mlio ule.

Kila mlio ni kiini kimoja cha atomu kimevunjika. Urani ya kawaida hupitia hatua 14 hadi kutulia ikiwa risasi, ile metali nzito, na njiani inatupa viini 8 vya heli na elektroni 6. Ukipima ulichoanza nacho na ulichomaliza nacho, kila kipande kwa mizani ya atomu, hesabu haifungi. Kuna pengo. Pengo hilo limetoka likiwa mwendo, joto na miale ya gama. Nusu ya urani iliyopo leo itahitaji miaka bilioni 4.5 kufika huko, kwa hiyo jiwe halina haraka. Joto la namna hii, la urani, thori na potasi zilizotawanyika katika mwamba, ni sehemu kubwa ya joto lililomo ndani ya dunia, lile linaloisukuma miamba iliyo chini yetu. Ndugu zetu wa Goma wanaolala chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo wanaishi jirani na hesabu hiyo hiyo.

Nikawauliza wanafunzi: nani amesikia jina Shinkolobwe? Mikono mingi. Wanajua ni mahali palipokatazwa, kama kilomita 20 magharibi mwa Likasi. Wanajua mwaka 2004 machimbo yaliporomoka na kuua watu waliokuwa wanachimba ingawa serikali ilikwisha kupafunga. Nikauliza tena: nani amelisikia jina hilo katika somo la fizikia? Hakuna mkono hata mmoja. Hilo linaniuma. Katika somo la historia jiwe hili linapita kama bidhaa, limo katika orodha moja na shaba na mpira. Katika somo la fizikia fomula inapita kama mali ya Ulaya, imeandikwa ubaoni bila udongo wowote juu yake. Hakuna anayewaambia watoto kwamba viwili hivyo viliandikiana barua.

Nasema barua kwa maana halisi. Ile karatasi ya 1905 inamalizikia kwa pendekezo: labda nadharia hii inaweza kujaribiwa kwa vitu ambavyo nishati yake hubadilika sana, kwa mfano chumvi za radiamu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1915, Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa anatafuta madini, aliyaona mawe ya rangi kali kwenye kilima cha Shinkolobwe. Uchimbaji ulianza 1921, na walichokitaka ni radiamu. Yaliyotoka humo yalikuwa mengi na mapya kiasi kwamba wataalamu waliyapa majina ya wanafizikia wenyewe: kuriti kwa jina la Pierre Curie, bekereliti kwa jina la Henri Becquerel. Urani, iliyokuwa nyingi zaidi, haikuwa na kazi kubwa.

Kazi ilipatikana mwishoni mwa 1938. Otto Hahn na Fritz Strassmann, Berlin, waliipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, metali ambayo haikupaswa kuwepo. Hahn alimwandikia Lise Meitner, mwenzake wa miaka 30, aliyekuwa amekimbilia Uswidi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Sikukuu ya Noeli, huko Kungälv, Meitner na mpwa wake Otto Frisch walitoka kutembea kwenye theluji, wakakaa juu ya gogo, na mama huyo akapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Kiini cha urani kikigawanyika mara mbili, vipande viwili ni vyepesi kuliko kiini cha mwanzo kwa kama sehemu ya tano ya protoni moja. Akaizidisha kwa mraba wa kasi ya mwanga. Ikatoka volti-elektroni (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) milioni 200 hivi, kiasi kile kile kinachohitajika kuvisukumia vipande mbali. Hesabu ikafunga. Nobeli ya kemia ya 1944 ilipewa Hahn peke yake. Kila mwaka nawasimulia wasichana wa darasa langu habari hii, na kila mwaka nakasirika upya.

Tarehe 2 Agosti 1939 Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, sehemu kubwa yake ikiwa imeandaliwa na Leo Szilard. Inasema Marekani ina mawe dhaifu sana ya urani, tena kwa kiasi cha wastani, Kanada na Czechoslovakia ya zamani zina mawe mazuri kiasi, lakini chanzo kilicho muhimu kuliko vyote ni Kongo ya Wabelgiji. Mtu yule yule aliyeandika fomula aliweka saini yake chini ya jina la nchi yetu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni iliyomiliki machimbo, aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York, zikakaa ghalani Staten Island. Septemba 1942 Kenneth Nichols, afisa wa jeshi la Marekani, aliingia ofisini kwake kununua. Mawe yale yalikuwa na oksaidi ya urani hadi asilimia 65, wakati kwingineko asilimia moja tu tayari ni utajiri. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomu ilitoka kwetu.

Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kilo 64 za urani iliyosafishwa. Iliyogawanyika haikufika kilo moja. Na tungamo lililotoweka kabisa na kuwa moto, mwanga na upepo lilikuwa kama gramu 0.7. Shika punje moja ya karanga iliyomenywa. Ni hiyo. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Sikuwapa wanafunzi maneno mengine juu ya jambo hili. Niliweka punje ya karanga juu ya meza, tukaendelea kuitazama mpaka kengele ilipogonga.

Kuna upande mwingine wa hesabu, ambao pia ni wetu. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilianza kufanya kazi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium: TRICO, kilowati 50, kwa ajili ya utafiti. Na gramu moja ya kitu chochote, ya chumvi au ya udongo, ingegeuzwa yote kuwa nishati ingetoa kilowati-saa milioni 25. Inga I, kituo cha umeme wa maji kwenye mto Kongo chenye megawati 351, ingehitaji siku 3 usiku na mchana ikizunguka kwa nguvu zake zote ili ifikie hapo. Umeme wa Inga unasafiri kilomita 1,700 kwa waya mpaka Kolwezi, na bado kwetu Katuba taa zinakatika bukari ikiwa nusu. Wanafunzi wanaielewa gramu hiyo kwa hasira kuliko mwanafunzi yeyote wa Ulaya.

Lakini gramu nzima haigeuki. Hata urani inatoa chini ya sehemu moja ya elfu. Ili kitu kigeuke chote kinahitaji kukutana na pacha wake wa kinyume, na hapo ndipo safari ya kurudi inapoingia.

Kuirudisha nishati iwe kitu ni kazi ya bei kubwa, na bei yenyewe imeandikwa. Elektroni moja inagharimu volti-elektroni 511,000. Lakini huwezi kununua moja. Elektroni ina chaji hasi, na chaji haitengenezwi kutoka patupu, kwa hiyo lazima izaliwe na pacha wake mwenye chaji chanya, positroni. Bei ya mapacha ni milioni 1.022. Mwale wa gama wenye nishati pungufu ya hapo hauwezi kuzaa, hata ukijaribu milele. Na hata wenye kutosha hauwezi kuzaa ukiwa peke yake katika utupu, kwa sababu hesabu ya mwendo inakataa. Unahitaji kiini kizito karibu kipokee msukumo. Wanafunzi wangu walikiita mkunga, na mimi nimelibakiza jina hilo katika maandishi ya somo.

Carl Anderson aliipiga picha positroni huko California mwaka 1932, mstari uliopinda upande usiotarajiwa baada ya kupenya bamba la risasi. Mwaka uliofuata Patrick Blackett na Giuseppe Occhialini, Cambridge, wakawaona mapacha wakitoka pamoja. Mwaka 2021 wanasayansi wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walipitisha viini vya dhahabu karibu karibu kwa mwendo unaokaribia wa mwanga, mwanga uliovizunguka ukagongana wenyewe kwa wenyewe, wakahesabu zaidi ya jozi 6,000 za elektroni na positroni. CERN, maabara ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye handaki la kilomita 27, wanagonganisha protoni na kinatoka kitu kizito kuliko zilizoingia. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa 2012, ina tungamo la protoni 133 hivi. Na pamoja na mitambo yote hiyo, CERN wenyewe wanasema ukikusanya maada kinyume (wale mapacha wa kinyume) yote waliyowahi kuitengeneza, ingewasha balbu moja kwa dakika chache tu. Darasa la Katuba liliposikia hilo lilishusha pumzi kwa pamoja.

Kisha nikarudi kwenye jiwe, kwa sababu hilo ndilo nililotaka waondoke nalo. Katika ule mnyororo wa hatua 14 kuna kituo kinachoitwa bismuthi-214. Moja ya miale yake ina volti-elektroni milioni 1.76. Ni zaidi ya bei. Na imezungukwa na nini ndani ya jiwe? Na urani, kiini kizito kuliko vyote vinavyopatikana kwa wingi ardhini, mkunga bora. Kwa hiyo mara chache, katikati ya mvua ile tuliyoisikia, mwale mmoja hauchomoki. Unasimama ndani ya jiwe na kuwa elektroni na positroni ambazo hazikuwepo. Kilichoachwa, milioni 0.74, wanagawana kama mwendo. Kitu kimekuwa mwanga na mwanga umekuwa kitu, ndani ya ngumi ya mtoto, bila handaki na bila waya. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa linafanya safari zote mbili kabla hajazaliwa mtu wa kuandika fomula.

Kijana yule alikuwa amesogea mpaka mstari nilioweka. "Na ule pacha wa pili, anaishi?"

Hapana, nikamwambia. Elektroni anazo nyingi za kukutana nazo, jiwe limejaa. Anapunguza mwendo, anakutana na mmoja, wanazimika wote wawili, chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde tangu azaliwe. Inatoka miale miwili, kila mmoja 511,000, mmoja huku na mwingine kule, migongo ikiangaliana.

Rafiki yangu alikuwa anaandaa sanduku lake la risasi ili aondoke na jiwe. Kijana alitazama mikono yake ikifanya kazi.

"Ile miale miwili nayo, inaendaka wapi?"

Mingine inatoka nje, na kipimo kinaweza kuisikia. Mingine inakwama ndani, inalipasha jiwe joto kidogo sana.

Akaniomba ruhusa aliguse mara moja kabla halijafungwa, aone kama lina joto. Nikamkatalia.